Fuvu la Moto na Hukumu za Watazamaji

Sinema ya Ghost Rider ilipofika mtaani kwetu, mwishoni mwa mwaka 2007, ilikuwa imekwisha kuhukumiwa mara mbili huko ilikotoka, na hukumu mbili hizo hazikupatana. Wahakiki wa magazeti waliikataa. Watazamaji wakayajaza majumba. Mimi niliiona mara ya kwanza katika ukumbi wa nyumba ya mzee wangu, Ng'ambo ya Unguja, juu ya mkeka, pamoja na watu wasiopungua kumi na wawili, na hapo ikahukumiwa mara ya tatu. Katika hukumu hiyo ya tatu nami nilikuwa na mkono wangu, kwani ndimi niliyekuwa nikiwatafsiria.

Najua wapo wasomaji wa kurasa hizi watakaouliza ni nini kinachompeleka mtu wa mashairi katika habari za fuvu linalowaka moto juu ya pikipiki. Nawaomba wanistahimilie. Babu zetu walikesha wakisikiliza tenzi za vita ambamo upanga mmoja hukata safu nzima ya makafiri na majini hushika silaha, na hakuna aliyewauliza kama huo ni uungwana. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao walikuwa na msomaji mwenye sauti nzuri, na sisi tulikuwa na diski ya kunakiliwa iliyokwaruzika, ikikwama kila baada ya dakika ishirini.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Johnny Blaze ni kijana anayeruka vizuizi kwa pikipiki pamoja na babake, Barton, katika maonyesho ya kuhamahama. Baba anavuta sigara na kukohoa, na kijana anagundua kwamba mzee ana saratani. Usiku anatokewa na mtu mzima mwenye fimbo, mtaratibu wa maneno, ambaye ni Mephistopheles, yaani Shetani mwenyewe. Anaahidi kumponya baba, na bei yake ni roho ya mwana. Hati inakunjuliwa, kidole cha kijana kinachanika, tone la damu linaanguka juu ya karatasi, na mkataba umekwisha kutiwa saini. Asubuhi baba anaamka mzima kama kijana. Siku hiyo hiyo anaruka mbele ya watu, anaanguka, anakufa. Ugonjwa umeondoka kama ilivyokubaliwa. Umri haukuwamo katika mapatano. Miaka inapita, Johnny anakuwa mrukaji mashuhuri asiyekufa kwa ajali yoyote, mpaka mwenye deni anarudi kumtuma kazi: amwinde Blackheart, mwana muasi wa Shetani, anayetafuta hati ya mji wa San Venganza yenye roho elfu moja za watu waovu. Tangu hapo, usiku, kila anapokaribia uovu, nyama ya uso wake huungua ikatoka na kubaki fuvu tupu lenye ndimi za moto.

Shujaa huyu hakuzaliwa katika sinema. Alitokea mwaka 1972 katika kitabu cha katuni cha Marvel Spotlight, toleo la 5, kwa mikono ya Gary Friedrich, Roy Thomas na mchoraji Mike Ploog. Sinema iliongozwa na Mark Steven Johnson, ambaye mwaka 2003 alikuwa ametengeneza Daredevil, na ingawa hadithi ni ya Texas, ilipigwa Melbourne, Australia. Nicolas Cage, aliyemcheza Johnny Blaze, alikuwa mpenzi wa vitabu hivi tangu utoto; hata hilo jina la Cage si la ukoo wake, alilichukua kwa shujaa mwingine wa katuni, Luke Cage. Na Shetani alichezwa na Peter Fonda, yule yule aliyepanda pikipiki ndefu ya mbele katika Easy Rider ya mwaka 1969. Aliyefikiri kumpa Fonda kazi ya kununua roho ya mpanda pikipiki alikuwa na mzaha mzuri, na ni moja ya mambo ambayo hata maadui wa sinema hii huyakubali.

Ilitoka Marekani tarehe 16 Februari 2007. Watengenezaji hawakuwaonyesha wahakiki kabla ya siku hiyo, na mtu anayeficha chakula chake mpaka wageni wamekwisha kukaa mkekani hujulikana ana wasiwasi gani. Wahakiki nao hawakumwonea huruma. Walisema mazungumzo ni makavu, maadui ni dhaifu, wale mashetani watatu wa maji, upepo na udongo wanauawa kwa zamu kama kuku wa karamu, na mwongozaji hajui kama anataka kutisha au kuchekesha. Lakini siku tatu za mwanzo zilileta zaidi ya dola milioni 45 nchini Marekani peke yake, sinema ikawa ya kwanza wiki hiyo, na mwisho wa safari yake duniani ilikuwa imekusanya takriban dola milioni 228, ilhali gharama yake ilikuwa kama milioni 110.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hapa wasomi walikuwa upande mmoja na umma upande mwingine. Haikuwa hivyo. Umma wenyewe ulipasuka. Wapenzi wa katuni walikuwa wakali kuliko wahakiki. Wao walikuwa na Johnny wao vichwani tangu miaka ya sabini, na hawakumtaka Cage, mwenye umri wa miaka 43, ale peremende za rangirangi katika bilauri ya pombe huku akitazama sokwe wakipigana karate katika televisheni. Wengine wakasema hayo ndiyo bora kuliko yote, kwani mtu aliyeuza roho yake ni lazima awe na vituko vyake vya kujishikiza duniani. Mimi ni wa kundi hili la pili. Mtu anayeogopa kulala huwa na mambo ya kitoto, nimewaona. Kuhusu maadui, hata hivyo, wahakiki wamesema kweli, na sina cha kuwatetea nacho. Yule Blackheart hamtishi hata mtoto wa chuoni.

Sasa nije kwetu.

Mzee wangu alikuwa fundi wa vespa. Wenyeji wa mji wetu wanajua maana ya neno hilo: kwa miaka mingi hapakuwa na daktari, karani wala bwana harusi asiyepita mbele ya gereji yake na kofia mkononi. Mimi niliacha skuli kidato cha pili nikaingia gereji kumshikia spana, na Kiingereza changu sikukipata kwa mwalimu. Nilikipata katika kitabu cha matengenezo kilichokuja na injini, chenye kurasa nyeusi kwa grisi, na kamusi niliyoazimwa na jirani. Mzee alikuwa akisema, "Nisomee hapa," nami nikimsomea: kiasi gani cha oili kichanganywe na petroli, plagi iachwe nafasi gani, skrubu ya kabureta ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Hizo ndizo tafsiri zangu za kwanza. Baadaye nimetafsiri mashairi na hadithi na hotuba, na nimesifiwa na kukosolewa, lakini mhakiki mkali kama injini ya vespa sijampata tena. Ukikosea neno, haiwaki.

Mwaka huo 2007, nikiwa na umri wa miaka thelathini na saba, mzee alianza kukonda. Tulimpeleka hospitali, akapimwa, na karatasi ya majibu nikapewa mimi kwa kuwa ndimi msomaji wa nyumba. Niliisoma nje, chini ya mwembe. Nilipoifikisha kwa ami, mdogo wa mzee na mwalimu wa chuo mtaani, aliikunja mara nne akasema mgonjwa havunjwi moyo, asiambiwe. Dada yangu aliafiki. Mimi sikuafiki wala sikukataa. Mzee akaambiwa ana vidonda vya tumbo, karatasi ikatiwa chini ya nguo kabatini, na nyumba nzima ikaanza kusema kwa sauti ya chini.

Basi ni katika siku hizo mpwa wangu alikuja na diski. Vijana wa mtaani walikuwa wamekwisha kuiona na walikuwa wakiiita Fuvu la Moto, jina ambalo mimi, pamoja na kamusi zangu zote, sijapata kulishinda. Nimejaribu Mpandaji Mzuka, nimejaribu Mpanda Pikipiki wa Kuzimu. Lile la vijana ndilo linalokaa kinywani. Walitaka kuiona tena kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na televisheni kubwa, na mzee alitaka kuona kwa sababu alisikia ina pikipiki. Ami alikuja kumjulia hali nduguye akajikuta amekaa. Shangazi wawili walikuwa wakichambua mchele. Wazee hawakujua Kiingereza, kwa hiyo nikaambiwa nitafsiri, nami nikakaa pembeni mwa televisheni kama wale wasimulizi wa mabanda ya video, isipokuwa wao hutia chumvi na pilipili, na mimi nilijivunia kwamba sitii kitu.

Dakika kumi hazijapita, kijana akagundua ugonjwa wa babake. Niliona inakuja. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, shuka mabegani, macho mbele. Ami alinitazama. Nikasema, "Kijana amejua kwamba babake anaumwa kifua."

Kifua. Yule mzee wa kwenye sinema alikuwa akikohoa, kwa hiyo neno lilipita bila mtu kushtuka. Niliendelea.

Ilipofika hati na tone la damu, mjadala ukazuka hata ikabidi mpwa wangu asimamishe mashine. Nilikuwa nimesema, "Ameuza roho yake." Ami akanyanyua kidole. Roho, alisema, si mali ya yule kijana. Ni amana ya Mwenyezi Mungu. Mtu hawezi kuuza asichokimiliki, kwa hiyo bai hiyo ni batili toka mwanzo. Pili, damu imeanguka kwa kuchanika, si kwa kukusudia, na pasipo ridhaa hapana mkataba. Vijana wakacheka wakasema, "Ami, hii ni sinema tu." Ami akajibu kwamba sinema ni sinema, lakini mkataba ni mkataba, na kwamba kama kijana yule angekwenda kwa kadhi asubuhi na mapema, pasingekuwa na haja ya filamu ya saa mbili.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya sinema hii tangu siku ile, na sijaona tahakiki iliyoishika hadithi mahali pake dhaifu zaidi ya hapo. Nami nilijua kwamba sehemu ya udhaifu ni yangu. Roho katika Kiswahili chetu ina kazi nyingi: ndiyo pumzi, ndiyo uhai, ndiyo tabia, na mtu mwenye roho mbaya hajaiuza kwa yeyote. Ningesema nafsi, pengine ami angenyamaza, maana nafsi ndiyo inayoamrisha maovu na ndiyo inayoulizwa hesabu, na mtu kuipoteza nafsi yake ni jambo linalofahamika hata bila ya karatasi. Jina hilo la Mephistopheles linatokana na hadithi ya Kijerumani ya Faust, aliyetia saini kwa damu yake mwenyewe, kwa kukusudia, kisa ambacho Marlowe alikitungia tamthilia mwishoni mwa karne ya 16 na Goethe akachapisha sehemu yake ya kwanza mwaka 1808. Faust alitaka elimu na starehe, akastahili alichopata. Johnny alitaka babake apone. Nadhani hapa ndipo sinema ilipofanya jambo jema bila ya kujua: imechukua dhambi kongwe ya kiburi ikaigeuza kuwa dhambi ya mapenzi. Wengi wa wahakiki niliowasoma walipita juu ya dakika hizo ishirini za mwanzo wakiharakia moto.

Mashine ikawashwa tena. Baba wa kwenye sinema akaamka mzima, akanyoosha mikono, akacheka. Ukumbi wetu ulikuwa kimya kuliko inavyostahili kwa jambo la furaha. Kisha akaruka, akaanguka. Shangazi mmoja alisema "Inna lillahi" kama vile maiti iko uani. Shetani akatokea kumwambia kijana kwamba yeye ametimiza ahadi, ugonjwa ameuondoa, na hapo akautaja ugonjwa kwa jina. Nilipandisha sauti ili nilifunike lile neno. "Kifua kimepona, anasema, kifua si kimepona?" Nilirudia mara mbili. Mpwa wangu, anayejua Kiingereza cha skuli, alinigeukia, kisha akainamisha kichwa.

Yaliyobaki yalikwenda kama yanavyokwenda. Vijana walishangilia pikipiki ilipopanda jumba refu wima kama mjusi na kushuka tena. Mzee aliuliza tangi la petroli liko wapi, kwa sababu na moto ule lingekuwa limekwisha kulipuka, akaambiwa ni moto wa jahanamu, akasema hata huo ungeharibu mpira wa klachi. Kulikuwa na vicheko. Ndiyo mara ya mwisho kumbukumbu yangu inamwona akichekesha watu. Shangazi walikuwa na habari ya Roxanne tu, mwanamke aliyeachwa njiani akiwa kijana na akaachwa tena mezani akiwa mtu mzima amevaa vizuri, na hawakumsamehe Johnny kwa fuvu wala kwa moto. Jirani mmoja aliondoka mapema akiomba istighfari, akisema si vizuri Ibilisi kupewa maneno matamu kiasi kile mbele ya watoto. Naye simlaumu, Peter Fonda ana sauti ya mtu anayekukopesha.

Palikuwa na tatizo jingine la tafsiri nililoshindwa nalo. Shujaa huyu ana silaha moja isiyokuwa mnyororo wala moto: humshika mwovu, humkodolea macho, na mwovu huona na kuhisi maumivu yote aliyowafanyia wengine. Kwa Kiingereza huitwa mtazamo wa kitubio. Nilisema "jicho la toba", na ami, ambaye hakuwa amemaliza, akasema toba hailazimishwi. Anayeumizwa mpaka akajuta hajatubu, ameadhibiwa. Ni kweli. Leo ningesema jicho la malipo. Lakini nakumbuka kwamba nilipokuwa nikiyatafsiri macho yale yasiyokuwa na mboni, sikutaka kuelekea upande wa kiti cha kamba.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya yule mlinzi wa makaburi. Katika sinema yupo mzee, Sam Elliott ndiye anayemcheza, anayemsaidia Johnny na kumfundisha. Karibu na mwisho inadhihirika kwamba yeye ndiye Carter Slade, mpandaji wa zamani aliyeikimbiza hati ya San Venganza ili Shetani asiipate. Anasema amebakiwa na nguvu za kugeuka mara moja tu. Anageuka, fuvu lake nalo linawaka, farasi wake anawaka, na wawili hao wanaivuka jangwa usiku, farasi na pikipiki bega kwa bega, wakiacha michirizi ya moto, huku ukipigwa ule wimbo wa zamani wa wachunga ng'ombe wa mizimu. Ni taswira nzuri kuliko zote katika filamu hii, na hata waliochukia mengine yote huikumbuka. Kisha wanafika, mzee anampa bunduki, anaaga, anapotea gizani. Basi. Vita vyenyewe hapigani.

Hapa watazamaji duniani wamegawanyika mpaka leo. Wengi wanasema ni upumbavu wa mwandishi: alikuwa na moto mmoja wa mwisho, ameutumia kwa matembezi! Si angengoja vitani? Vijana wa ukumbini kwetu walisema hivyo hivyo, tena kwa kelele. "Stelingi mzee katoroka," alisema mmoja, na wote wakaangua kicheko.

Mzee wangu alikuwa hajatia neno tangu habari ya klachi. Alisema, "Hakutoroka. Kamsindikiza."

Wakanyamaza kwa adabu. Akaendelea, pole pole, kwa kuwa pumzi ilikuwa imeanza kumpungukia: "Vita ni vya kijana. Mtu akibakiwa na safari moja, kazi yake kusindikiza. Mnataka akapigane ili iweje?"

Hakuna aliyemjibu. Sikuwa na la kutafsiri, kwa kuwa alikuwa amesema Kiswahili, lakini nilihisi kama niliyepaswa kutafsiri na sikuweza.

Sinema hii ilipata ndugu, Ghost Rider: Spirit of Vengeance, iliyotoka Marekani Februari 2012, ikakusanya kama dola milioni 132, na wengi waliokuwa wakiitukana ya kwanza wakaanza kuikumbuka kwa wema. Haki za kumtumia shujaa zilirudi kwa Marvel mwaka 2013, na mwaka 2016 akaonekana katika televisheni kwa sura nyingine, Robbie Reyes, anayeendesha gari badala ya pikipiki. Lakini kwangu mimi jambo la ajabu kuliko yote lilitokea mahakamani. Gary Friedrich, aliyeandika kisa cha kijana anayetia saini karatasi asiyoielewa, alifungua kesi mwaka 2007 akidai kwamba shujaa ni wake. Mwaka 2011 alishindwa, kwa hoja kubwa ya karatasi aliyoitia saini mwaka 1978 kuhusu kazi zake kwa Marvel. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliitengua hukumu ile, ikaona maneno ya karatasi hayako wazi, na baada ya hapo pande mbili zikapatana. Friedrich alifariki mwaka 2018. Ami, laiti angekuwa hai, ningemsimulia. Angesema alijua tangu mwanzo kwamba mkataba una kasoro.

Usiku ule watu walipoondoka nilibaki nikikunja mkeka. Mzee alikuwa bado kwenye kiti. Aliniita kwa jina, nikaitika, "Naam, baba."

"Yule mzee wa mwanzo. Babake kijana. Alikuwa anaumwa nini?"

"Kifua, baba."

"Kifua." Alilitazama shuka lake. "Mtu hauzi roho kwa kifua."

Nilisema kwamba sinema za Wamarekani zina chumvi nyingi. Akatikisa kichwa kama anayekubali. Kisha akasema, "Na lile kensa alilolitaja yule mwenye fimbo, ulipopiga kelele. Kwa Kiingereza lina maana gani?"

Katika kazi yangu yote ya kutafsiri sijapata kuulizwa neno jepesi kuliko hilo. Mtaani kwetu hakuna anayesema saratani. Watu husema kensa, na Waingereza husema karibu vile vile. Nilikuwa nimeshika mkeka nusu umekunjwa. Nikasema, "Ndiyo hiyo hiyo kensa, baba."

"Haya," alisema. "Zima televisheni, inakula umeme."

Nikazima. Tukakaa gizani kidogo, kwani taa ya ukumbini ilikuwa imeungua na hakuna aliyekuwa na moyo wa kununua nyingine. Nje vijana walikuwa bado wanabishana habari za farasi. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, alimwita mpwa wangu akamwonyesha sanduku la spana na daftari la wadeni, ukurasa kwa ukurasa, na nani wa kusamehewa. Ilichukua siku nne kwa kuwa alikuwa akichoka. Siku ya tano aliniambia nifungue kabati, nitoe ile karatasi iliyo chini ya nguo.

Sikumuuliza amejuaje ilipo. Niliitoa, nikaikunjua mikunjo yake minne, nikakaa chini karibu na miguu yake kama nilivyokuwa nikikaa gereji.

"Nisomee hapa," alisema.

Nikamsomea, mstari kwa mstari, na palipokuwa na neno nisilolijua nilikwenda kuchukua kamusi.